Tabayyun Mkononi: Kumtambua Tapeli wa Barua Pepe na Ujumbe wa Simu

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na maswahaba zake wote.



Muhula unapoanza, simu ya mwanafunzi haitulii. Inaingia barua pepe ya ada, linaingia tangazo la ufadhili wa masomo Uturuki au Saudia, unaingia ujumbe wa kazi ya Dubai, kisha mtu usiyemjua anapiga akilia kwamba amekutumia pesa kwa makosa. Baadhi ya habari hizi ni za kweli. Nyingine zimetungwa na mtu aliyekaa mahali, pengine Kampala hapa hapa, pengine nchi ya mbali, na kazi yake ni kukufanya umfungulie mlango kwa mkono wako mwenyewe. Mitaani kwetu Uganda watu hawa huitwa bafere. Kwa Kiswahili ni matapeli. Wataalamu wa kompyuta wameupa utapeli huu jina lililotokana na uvuvi wa samaki, na wamepatia, kwa kuwa mvuvi hamkimbizi samaki majini. Hutupa chambo, akasubiri.

Wengi wetu huliona jambo hili kuwa la wanafunzi wa kompyuta peke yao. Lakini ni jambo la dini pia, kwa sababu tatu. Kwanza, mali inayopotea mara nyingi si yetu. Ada ni jasho la wazazi, na mfuko wa jumuiya ni amana ya ndugu wote. Pili, tapeli anapotuvua hutumia sifa ambazo Uislamu umetulea nazo: huruma, uaminifu na kumdhania mwenzako wema. Tatu, dini yetu ilitufundisha jinsi ya kupokea habari karne nyingi kabla ya simu kuwapo. Aliyelisoma somo lile vizuri anazo silaha tayari, ila hajazielekeza kwenye simu yake.

1. Msingi wa somo: kuchunguza si kudhania vibaya

Aya ya 6 ya Suratul Hujurat inawaamrisha waumini kwamba akiwajia mtu asiyeaminika na habari, wachunguze kwanza, wasije wakawadhuru watu bila kujua, kisha wakabaki wanajuta. Uchunguzi huo ndio tunaouita tabayyun. Wafasiri wengi wanaeleza kwamba aya hii iliteremka kuhusu mjumbe aliyetumwa kukusanya zaka kwa Banu Mustaliq, akarudi Madina na habari kwamba wamekataa kutoa. Habari ile ingeweza kuwasha vita. Katika baadhi ya mapokezi, Khalid bin Walid (r.a.) alitumwa kwanza akahakikishe kwa macho yake, akawakuta watu wale wanaadhini na kuswali.

Sasa tazama jambo la ajabu. Sura hiyo hiyo, katika aya ya 12, inatukataza kuwadhania watu vibaya. Je, aya hizi mbili zinapingana? Hapana, zinategemeana. Anayechunguza hahitaji kudhani. Akishahakikisha, anajua. Asiyechunguza ndiye hubaki na moja kati ya mawili: kuamini kila kitu, au kumshuku kila mtu.

Liweke hili moyoni, kwa sababu silaha kubwa ya tapeli ni kukufanya uone haya kuuliza. Atakwambia, "Ndugu yangu, hata wewe huniamini?" Umar bin Khattab (r.a.) alipoambiwa na Abu Musa al-Ash'ari (r.a.) hadithi ya kubisha hodi mara tatu, alimtaka alete shahidi, na Abu Said al-Khudri (r.a.) akaja kuithibitisha. Abu Musa hakuwa mwongo, na Umar hakumwita mwongo. Alitaka hakika. Basi ikiwa swahaba alimtaka swahaba mwenzake ushahidi na udugu wao ukabaki salama, wewe unaona haya gani kumpigia rafiki yako simu kabla ya kumtumia pesa?

2. Tazama isnadi: nani amekuletea?

Wanafunzi wa hadithi wanajua kwamba kila hadithi ina sehemu mbili. Kuna isnadi, yaani mlolongo wa watu walioipokea, na kuna matni, yaani maneno yenyewe. Maulamaa hawakuridhika na maneno mazuri, kwa sababu hata mwongo anaweza kutunga maneno mazuri. Walianza kwa kuuliza: umeipata kwa nani? Nasi tuanze hapo.

Katika barua pepe, jina linaloonekana juu si isnadi. Mtu yeyote anaweza kufungua akaunti akajiita "Ofisi ya Mhasibu Mkuu". Gusa jina hilo uone anwani kamili iliyojificha nyuma yake. Kama mhasibu wa chuo anaandika kutoka kwenye akaunti ya bure ya mtu binafsi, simama hapo. Tazama pia anwani ambayo jibu lako litakwenda, kwa kuwa wakati mwingine barua huonekana imetoka mahali pamoja na jibu likaelekezwa kwingine.

Katika ujumbe mfupi wa simu, jina la mtumaji linaweza kughushiwa. Ujumbe wa tapeli unaweza kuingia chini ya jina la benki yako, katika mfululizo ule ule wenye jumbe za kweli za mwezi uliopita. Hata namba inayopiga inaweza kughushiwa. Kwa hiyo jina kwenye kioo ni dai tu, na mwenye kudai ndiye anayepaswa kuleta ushahidi.

Katika WhatsApp, akaunti inaweza kuwa ya rafiki yako kweli na anayeandika asiwe yeye. Jinsi inavyotekwa tutaieleza katika sehemu ya tano.

Kiungo cha tovuti nacho kina isnadi yake, na hapa Muislamu ana wepesi kuliko wengine, kwa sababu mmiliki wa anwani ya tovuti anatafutwa kwa kusoma kama tunavyosoma msahafu, kutoka kulia kwenda kushoto. Chukua mfano huu wa kubuni:

https://ada.chuochetu.ac.ug.lipa-leo.com/ingia

Ruka mikwaju miwili ya mwanzo, tafuta mkwaju wa kwanza unaofuata, yaani ule ulio kabla ya neno "ingia". Kutoka hapo rudi kushoto. Unakutana na "com", kisha "lipa-leo". Basi mwenye nyumba ni lipa-leo.com. Maneno "ada.chuochetu.ac.ug" yaliyo mbele ni pambo, kwa sababu mwenye anwani anaweza kutanguliza jina lolote analolitaka. Linganisha na hii:

https://ada.chuochetu.ac.ug/lipa-leo

Hapa ukianza kwenye mkwaju na kurudi kushoto unakutana na "ac.ug", kisha "chuochetu". Hii ni ya chuo. Miisho yenye vipande viwili, kama .ac.ug ya vyuo na .go.ug ya serikali ya Uganda, ihesabu kama kitu kimoja, kisha chukua neno linaloitangulia. Kwenye simu, bonyeza kiungo kwa muda bila kukiachia, na anwani kamili itajitokeza kabla hujaingia. Kwenye kompyuta, weka mshale juu yake bila kubofya. Kagua pia herufi moja moja, maana herufi r na n zikikaa pamoja hufanana na m, na sifuri hujifanya herufi O.

Je, ile alama ya kufuli? Wengi hudhani kufuli ni cheti cha uaminifu. Kufuli linakwambia tu kwamba mazungumzo kati yako na tovuti hayasikilizwi na mtu wa kati. Halikwambii unazungumza na nani. Matapeli nao huweka kufuli, na cheti chake kinapatikana bure.

3. Tazama matni: anataka nini?

Zamani tuliambiwa tuwatambue matapeli kwa makosa ya tahajia. Alama hiyo imedhoofika. Leo programu za akili bandia zinaweza kumwandikia tapeli Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili kisicho na doa. Kwa hiyo usitazame sana jinsi alivyoandika. Tazama anachokitaka na namna anavyokisukuma. Mambo manne hurudi karibu kila mara.

La kwanza ni haraka. "Lipa kabla ya saa kumi au jina lako litaondolewa kwenye orodha ya mtihani." Haraka inaondoa nafasi ya kufikiri. Katika hadithi aliyoipokea Muslim, Mtume (s.a.w.) alimsifu Ashajj wa Abdul-Qays kwa sifa mbili anazozipenda Allah: upole na kutokuwa na pupa. Ujumbe unaokunyima dakika tano za kuuliza umeshajieleza wenyewe.

La pili ni hofu au tamaa. Akaunti yako itafungwa, au umeshinda. Umeshukiwa, au umechaguliwa. Hofu na tamaa hufanya kazi moja: hukutoa katika utulivu wako.

La tatu ni siri. "Usimwambie mtu mpaka mchakato ukamilike." Chuo hakina sababu ya kukukataza kumuuliza mlezi wako, wala kampuni halali ya ajira haikukatazi kumwambia mama yako.

La nne ni kuombwa kitu ambacho hakiombwi: namba ya siri ya pesa za simu, nywila ya barua pepe, tarakimu zilizoingia sasa hivi kwa ujumbe mfupi, picha ya kitambulisho cha taifa pande zote mbili, au "ada ndogo ya usajili" kabla ya kupewa kitu kikubwa. Mfanyakazi wa kweli wa benki au wa kampuni ya simu hahitaji namba yako ya siri ili akuhudumie. Anayeiomba, awe na sauti ya upole kiasi gani, mjibu kwa kukata simu.

4. Ingiza mkono ndani ya lundo

Katika Sahihi Muslim, Abu Huraira (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni penye lundo la nafaka. Juu lilikuwa kavu na zuri. Akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta unyevu. Akamuuliza mwenye mali, naye akasema mvua ilinyesha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi.

Hadithi hii huwa tunaisoma kumwonya muuzaji. Lakini ina fundisho kwa mnunuzi pia, kwa kuwa Mtume (s.a.w.) hakuhukumu lundo kwa sura yake ya juu. Ujumbe wa tapeli umekaushwa juu: nembo ya chuo ipo, rangi ni zile zile, salamu ya Kiislamu imeandikwa kwa ukamilifu, na wakati mwingine hata aya imenukuliwa. Unyevu uko ndani.

Kuingiza mkono ndani maana yake ni moja: hakikisha kwa njia nyingine, njia ambayo hukupewa na ujumbe wenyewe. Barua ikisema unadaiwa ada, usibofye kiungo chake. Fungua tovuti ya chuo kwa kuandika anwani mwenyewe, au nenda ofisini. Benki ikikupigia, kata, kisha piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yako. Rafiki akiomba pesa kwa maandishi, mpigie usikie sauti yake, umuulize jambo mnalolijua ninyi wawili tu. Namba iliyo ndani ya ujumbe usiitumie kuuthibitisha ujumbe huo huo, maana huko ni kumwomba mshtakiwa awe shahidi wa kesi yake.

Ukishika kanuni hii peke yake na kusahau mengine yote ya somo hili, umeshapona mengi.

5. Mifano minne ya kampasi

Pesa zilizokuja kwa makosa. Unapata ujumbe kwamba umepokea pesa, na mara simu inalia: "Ndugu, nimekosea namba, ni za dawa ya mtoto, naomba unirudishie upesi." Hapa uaminifu wako ndio chambo. Kwanza tazama salio lako, usitazame ujumbe. Mara nyingi hakuna kilichoingia; ujumbe wa risiti umetungwa na mtu. Na kama kweli pesa zimeingia, si zako, na aya ya 58 ya Suratun Nisaa inatuamrisha kurudisha amana kwa wenyewe. Lakini kwa wenyewe, si kwa kila anayepiga simu. Usizitumie, wala usizirushe kwa namba unayotajiwa. Ijulishe kampuni ya simu, mwambie na yeye aripoti kwao, muamala ugeuzwe kwa utaratibu. Mwenye haki hatapoteza kitu kwa kusubiri, na tapeli ndiye atakayekutukana.

Tarakimu sita. Mwenzako wa darasa anakuandikia: "Samahani, nimekosea, tarakimu zangu zimeingia kwenye simu yako, nitumie." Tarakimu zile ni ufunguo wa WhatsApp yako. Ukizitoa, anaingia yeye na kukufungia nje. Akaunti ya mwenzako nayo huenda ilitekwa hivyo hivyo jana. Kisha jina na picha yako vitatumika kuomba michango ya janaza au futari kwenye kundi la jumuiya, na ndugu watatoa kwa sababu wanakuamini wewe. Leo hii ingia kwenye mipangilio ya WhatsApp, kwenye sehemu ya akaunti, uwashe uthibitisho wa hatua mbili na kuweka namba ya siri yako. Nanyi wahazini wa jumuiya, michango ielekezwe kwenye namba moja inayojulikana, iliyotangazwa msikitini, na badiliko lolote la namba litangazwe kwa mdomo baada ya swala ya Ijumaa, lisitangazwe kwa ujumbe peke yake.

Ufadhili wa masomo. Tangazo linakuja na bendera, picha ya msikiti mkubwa, na "ada ya kushughulikia maombi". Jua kwamba maombi ya Türkiye Bursları, ufadhili wa serikali ya Uturuki ambao vijana wengi wa Kiislamu wa Afrika huutafuta, hayalipiwi. Kila ufadhili una tovuti yake rasmi, na humo ndimo masharti yake yanamosomwa. Anayejitokeza katikati akidai ana nafasi mkononi na anahitaji ada ya kuitunza, anakuuzia kitu kisicho chake.

Kazi ya ng'ambo. Huu ndio mzito kuliko yote. Tangazo linatafuta vijana wasomi, wanaojua Kiingereza na kompyuta, kwa kazi ya huduma kwa wateja nchini Thailand. Tiketi italipwa, mshahara ni wa dola. Vijana kadhaa wa Afrika Mashariki walioitikia matangazo ya namna hii hawakufika kwenye ofisi yoyote. Walivushwa mpaka hadi Myanmar na kufungiwa katika majengo yenye ulinzi, wakalazimishwa kuwa matapeli wenyewe, kuandika jumbe za mapenzi na za uwekezaji kwa watu wa nchi za mbali, na asiyetimiza kiwango hupigwa. Mwezi Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Cambodia walikuwa katika hali hiyo. Mwezi Februari 2025 maelfu walitolewa katika majengo ya eneo la Myawaddy, mpakani na Thailand, na miongoni mwao walikuwamo Waethiopia, Wakenya na Waganda.

Kwa hiyo kabla ya kukabidhi pasipoti yako kwa mtu, hakikisha. Uganda, kampuni inayopeleka watu kufanya kazi nje inapaswa kuwa na leseni ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Nenda ukaulize wizarani kwa miguu yako. Ukiambiwa usafiri kwa viza ya utalii na kwamba vibali utapewa huko huko, rudi nyumbani. Na mwachie mzazi au ndugu nakala ya kila karatasi.

6. Kisa cha Benki Kuu ya Bangladesh

Mtu asiseme, "Mimi ni msomi, sidanganyiki." Mwaka 2015 wafanyakazi wa Benki Kuu ya Bangladesh walipokea barua pepe kutoka kwa mtu aliyejifanya anatafuta kazi. Aliandika kwa adabu, akawaomba wapakue wasifu wake. Kwa mujibu wa wachunguzi wa Marekani, kulikuwa na waliofungua, na ndani yake kulikuwa na programu ya wizi. Wezi wakakaa ndani ya mfumo wa benki kwa miezi mingi, wakijifunza kimya kimya.

Usiku wa Alhamisi, tarehe 4 Februari 2016, wakaanza kazi. Bangladesh hupumzika Ijumaa na Jumamosi. Benki ya New York iliyotunza pesa hizo hupumzika Jumamosi na Jumapili. Jumatatu iliyofuata ilikuwa sikukuu Manila, zilikopelekwa pesa. Wezi walitoa maagizo 35 ya kuhamisha takriban dola milioni 951. Dola milioni 81 ziliingia katika akaunti za benki moja ya Ufilipino na nyingi zikapotelea katika nyumba za kamari. Dola nyingine milioni 20 zilikuwa njiani kwenda Sri Lanka, lakini katika jina la taasisi ya kupokea, neno la Kiingereza la "foundation" lilikuwa limeandikwa "fandation". Benki moja iliyokuwa njiani ikashangaa, ikasimamisha, ikauliza. Pesa zile zikarudi. Zile milioni 81 Bangladesh iliendelea kuzifuata mahakamani kwa miaka mingi.

Zingatia mambo mawili. Mlango wa yote haya ulifunguliwa na barua ya mtu anayeomba kazi, jambo ambalo hakuna mwenye moyo mwema angelidhania vibaya. Na dola milioni 20 ziliokolewa na mfanyakazi aliyeona jambo dogo lisilokaa sawa akathubutu kuuliza. Hiyo ndiyo tabayyun, hata kama aliyeifanya hakuijua kwa jina hilo.

7. Usiwe mkono wa tapeli

Kuna wanafunzi ambao hawatapeliwi, ila wanatumiwa. Mtu anakuja hosteli na kusema, "Nisajilie laini tatu kwa kitambulisho chako, nitakupa ya chakula." Au, "Pokea pesa kwenye simu yako, zitoe kwa wakala, ubaki na sehemu yako." Ndugu yangu, laini hiyo itakapotumika kumwibia mjane wa Mbale au Arua, jina litakalosomwa polisi ni lako, na Uganda ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta tangu mwaka 2011. Na kabla ya polisi, aya ya 2 ya Suratul Maida imeshatukataza kusaidiana katika dhambi na uadui.

Kuna pia wanaosambaza. "Tuma kwa makundi kumi upate bando la bure." Hukupata bando, lakini umepeleka kiungo cha tapeli kwa watu kumi wanaokuamini. Imepokewa na Muslim kwamba inamtosha mtu kuhesabiwa mwongo akisimulia kila anachokisikia. Kusambaza bila kuchunguza ni kusimulia.

8. Ukishaumwa

Ikitokea, Allah atuepushe, usijifungie chumbani. Badilisha nywila ya barua pepe kwanza, kwa sababu barua pepe ndiyo ufunguo wa akaunti nyingine, kisha badilisha zilizobaki. Piga simu kwa kampuni ya simu au benki wazuie akaunti; kila dakika ina thamani. Watangazie watu walio kwenye simu yako wasitoe kitu kwa jina lako. Tunza jumbe na namba za miamala, usizifute kwa hasira, kwa kuwa ndizo ushahidi, kisha ripoti polisi.

Na sisi wengine tusimcheke. Aibu ndiyo inayomlinda tapeli, maana aliyeibiwa akinyamaza, chambo kile kile kinatupwa chumba cha pili. Hadithi mashuhuri ya Abu Huraira (r.a.), katika Bukhari na Muslim, inamfananisha muumini na mtu asiyekubali kuumwa mara mbili katika tundu moja. Sisi umma ni mwili mmoja. Mmoja wetu akisema mapema alipoumiwa, tundu hilo limejulikana kwa wote.

Maswali ya kujadili katika halaka

1. Ujumbe umeingia kwenye kundi la jumuiya kwa jina la amiri, ukiomba mchango wa haraka kwa ndugu aliyelazwa hospitalini. Kila mwanachama afanye nini kabla ya kutoa, na mhazini afanye nini?

2. Nini tofauti kati ya kumdhania ndugu yako vibaya na kuhakikisha habari iliyokuja kwa jina lake?

3. Kila mmoja afungue kiungo kimoja alichotumiwa wiki hii, akisome kulia kwenda kushoto bila kukiingia. Mwenye nyumba ni nani?

4. Nani nyumbani kwako ana simu ya pesa na hajawahi kufundishwa haya? Utampigia lini?

Swali la nne lijibiwe leo. Mama anayeuza ndizi ili ulipe ada ana akiba yake katika simu ile ile ambayo bafere wanaipigia.

Ewe Mola wetu, tujaalie macho ya kuona haki kuwa ni haki na batili kuwa ni batili. Zilinde mali zetu na za wazazi wetu, warudishe salama vijana waliofungiwa ugenini, na utujaalie kuwa waaminifu katika amana tulizobebeshwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.